Kiti cha fahari kwa bei ya faranga

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

SAFARI huanza na picha kwenye simu. Ni kiti kimoja tu, kimewekwa peke yake karibu na dirisha kubwa, mgongo wake mrefu, mikono yake mipana, na hakuna kingine sebuleni kinachoshindana nacho. Mwenye simu humnyooshea fundi seremala wa Buyenzi na kumuuliza swali ambalo mafundi wa mji huu wamelizoea: "Fundi, hiki unaweza?"

Fundi huivuta picha kwa vidole viwili, akaitazama miguu ya kiti, kisha mikono, kisha pale mgongo unapokutana na kikalio. Naye huuliza lake: "Mama, umetenga ngapi?"

Kati ya maswali hayo mawili kuna habari nzima ya uchumi wa Burundi wa leo: dola zilizo adimu, ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mbao za vilimani, na familia inayotaka sebule yenye heshima bila kuingia deni. Kiti kwenye picha kinauzwa kwa dola. Fundi analipwa kwa faranga. Kazi ya mnunuzi mwerevu ni kujua sehemu ipi ya kiti hicho lazima ilipwe kwa dola, na ipi si lazima.

Mwenye kiti ndiye mwenyekiti

Kutamani kiti kizuri si ugonjwa ulioletwa na simu. Katika lugha zetu kiti na madaraka vilikwisha kuoana zamani. Kwa Kiswahili anayeongoza kikao ni mwenyekiti, yaani mwenye kiti. Kirundi na Kinyarwanda huita kiti intebe, na Kiganda entebe, neno ambalo ndilo lililoupa jina mji wa Entebbe kando ya Ziwa Viktoria.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na kiti chake cha fahari karne nyingi kabla ya magazeti ya urembo wa nyumba. Kiti cha enzi, kinachojulikana sana kutoka Lamu na visiwa jirani, kilichongwa kwa mbao nyeusi, kikapambwa kwa vipande vya pembe za ndovu au mfupa, na kikalio na mgongo wake vikasukwa kwa uzi. Mwenye nyumba alikiweka mahali pa kuonekana, na mgeni wa heshima ndiye aliyekikalia. Leo viti hivyo viko kwenye makumbusho.

Bujumbura mambo ni yale yale kwa sura nyingine. Katika nyumba nyingi za mjini sebule ndiyo uso wa familia. Humo hupokewa wazazi wa upande wa pili siku ya kuzungumzia mahari, humo hukaa wafiwa, humo mkubwa wa kazini hunyweshwa kinywaji. Mtanzania akisikia jirani yake wa Bujumbura amenunua "saloni" anaweza kudhani amefungua duka la kusukia nywele. Kumbe ni seti ya viti vya sebuleni: kanape moja ndefu na fotei zake, au makochi kama wasemavyo Dar es Salaam na Nairobi.

Siku hizi wengine hawataki tena seti nzima inayoziba chumba. Wanataka kiti kimoja cha kusemwa, na vingine vya kawaida. Kwa hesabu ya fedha wazo hilo si baya. Ugumu unakuja pale kiti hicho kimoja kinapokuwa cha kuagizwa nje.

Dola elfu moja zinavyokua

Tuchukue mfano wa kiti ambacho, pamoja na bima na usafiri, kimefika mpakani kikiwa na thamani ya dola 1,000. Tangu Julai 1, 2022, nchi za Jumuiya zilipokubaliana kuongeza daraja la nne katika ushuru wa pamoja wa forodha, samani zinazotoka nje ya Jumuiya zimewekwa kwenye kiwango cha asilimia 35, ingawa nchi mwanachama inaweza kuomba unafuu wa muda kwa bidhaa fulani. Hapo kiti kinaongezeka dola 350. Juu ya jumla hiyo inakuja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Burundi ni asilimia 18, sawa na dola 243. Kiti cha dola 1,000 kimekuwa cha dola 1,593, na bado mwenye kukiagiza hajamlipa wakala wa forodha wala mwenye duka hajaweka faida yake.

Kisha kuna suala la dola zenyewe. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, na dola moja ikapanda kutoka karibu faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800 kwa bei rasmi. Mfanyabiashara asiyepata dola benki huzitafuta mitaani, ambako bei imekuwa juu zaidi ya mara mbili ya ile rasmi. Bei anayoiweka kwenye kiti dukani inafuata dola aliyoinunua, si ile iliyotangazwa.

Usafiri nao una hila yake. Mizigo mingi ya Burundi hushushwa bandari ya Dar es Salaam na kupanda malori kwa zaidi ya kilomita 1,500 kabla ya kuufikia mji huu. Kiti kikubwa chenye mgongo uliopinda huchukua karibu robo tatu ya mita ya ujazo ndani ya kontena, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo ni hewa iliyo chini ya miguu na katikati ya mikono. Mnunuzi anasafirisha hewa kutoka ng'ambo na kuilipia nauli.

Ndiyo maana mafundi wa hapa, hata wasipozungumza lugha ya forodha, wana nafasi. Ushuru wa asilimia 35 uliwekwa ili kuwalinda watu kama wao. Kinachobaki ni mnunuzi kujua nini cha kuwaomba.

Kiti ambacho fundi anakiweza

Kosa kubwa hutokea siku ya kwanza, pale mteja anapochagua picha isiyolingana na vifaa vya karakana.

Viti maarufu vya fahari duniani vinagawanyika makundi mawili. La kwanza ni vile vilivyozaliwa kiwandani. Kiti cha umbo la yai cha Arne Jacobsen wa Denmark, kilichobuniwa kwa ajili ya hoteli ya SAS mjini Copenhagen na kutoka mwaka 1958, kinasimama juu ya ganda lililomwagwa kwenye kalibu. Kile cha Charles na Ray Eames wa Marekani, cha mwaka 1956, kina maganda ya mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka kwa tabaka na kukunjwa kwa joto na mgandamizo. Kila kimoja kinauzwa kwa maelfu ya dola. Fundi mwenye randa, msumeno na patasi akiambiwa akiige, atalazimika kujenga umbo la mviringo kwa vipande vya mbao na kuyaficha makosa kwa sponji. Mwaka wa kwanza kitapendeza. Baadaye sponji italala, na mifupa ya kiti itaanza kuonekana.

Kundi la pili ni viti vilivyozaliwa mikononi mwa maseremala. Mfano mzuri zaidi unatoka India. Katika miaka ya 1950, mji mpya wa Chandigarh ulipokuwa ukijengwa, msanifu Pierre Jeanneret, binamu yake Le Corbusier, alibuni viti vya ofisi na vya mapumziko kwa mbao za msaji na kikalio cha kusukwa kwa henzerani. Vilitengenezwa na mafundi wa huko huko kwa wingi, kwa ajili ya makarani na maofisa wa serikali. Miaka ilipopita vingi vilitupwa stoo na kwenye majalala ya ofisi, vikauzwa kama mbao chakavu. Kisha wafanyabiashara wa sanaa wakaviona, na leo viti vile vile hupigwa mnada Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola.

Somo la Chandigarh kwa mkazi wa Bujumbura liko wazi: kiti cha karani, kilichotengenezwa na seremala wa mtaani kwa mbao na kamba, kimekuwa kiti cha fahari cha matajiri. Hakuna kitu katika kiti hicho ambacho karakana ya Buyenzi au Bwiza haina. Kina miguu iliyoinama kwa pembe, kina ulimi na tundu, kina mikono iliyonyooka. Anayetaka kiti cha kusemwa na achague umbo la kundi hili la pili: mbao zinazoonekana, mistari iliyonyooka au iliyopinda kidogo, na mito miwili inayotoka, mmoja wa kukalia na mmoja wa kuegemea.

Kuazima wazo la umbo pia si sawa na kughushi. Kampuni zenye haki za miundo hiyo huzilinda, na Uingereza tangu 2016 iliziba mwanya uliowaruhusu wauzaji kunakili viti vya zamani kiholela. Kubandika nembo ya kampuni ya ng'ambo chini ya kiti cha Buyenzi ni udanganyifu, na mteja mwenye busara hauhitaji. Abadilishe urefu wa mgongo, upana wa mikono, aina ya mbao. Kiti kiwe cha kwake.

Faranga kwanza, dola mwisho

Umbo hilo lina faida nyingine inayoonekana kwenye hesabu. Fotei iliyofunikwa yote kwa kitambaa, kuanzia mikono hadi nyuma ya mgongo, inaweza kula mita tano za kitambaa cha upana wa kawaida, pamoja na sponji kila upande. Kiti cha mbao zinazoonekana chenye mito miwili kinahitaji mita mbili, pengine pungufu. Sponji inapungua vivyo hivyo.

Hapo ndipo kuna siri ya bei. Ndani ya kiti cha fundi wa Bujumbura, mbao na nguvu ya mikono hulipwa kwa faranga. Kitambaa kizuri, kemikali za kutengenezea sponji, mikanda ya mpira, springi, misumari ya stepla na vanishi ni vitu vinavyotegemea dola kwa njia moja au nyingine. Bidhaa za pamba na nguo kutoka nje ya Jumuiya nazo zimo kwenye orodha ya asilimia 35. Kila mita ya kitambaa inayopunguzwa ni dola iliyookolewa. Kila saa ya ziada ya kupiga msasa ni faranga inayobaki mtaani.

Kwa hiyo anayetaka kupunguza gharama asianze kwa kumkandamiza fundi kwenye ufundi wake. Apunguze kitambaa, aongeze kazi ya mbao.

Mbao: kavu kabla ya nzuri

Vilima vya Burundi vimejaa mikaratusi na migrevilea. Mkaratusi una nguvu lakini una hasira: ukikaushwa haraka hupinda na kupasuka. Mgrevilea ni mwepisi zaidi, hukubali randa, na mbao zake zikipasuliwa vizuri huonyesha madoadoa yanayong'aa kama ya lesi. Kwa kiti ambacho mbao zake zitaonekana, mgrevilea uliokauka ni chaguo la heshima kwa bei ya kawaida. Mbao ngumu za msituni kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, kama mvule na libuyu, ni nzuri na za kudumu, lakini ni ghali, na mnunuzi ana haki ya kuuliza zimetoka wapi na kwa karatasi gani.

Muhimu kuliko jina la mti ni ukavu wake. Mbao mbichi ikishaungwa huendelea kunywea. Ulimi unalegea ndani ya tundu lake, na kiti kinaanza kulia kila mtu anapokaa. Kanuni ya zamani ya maseremala inasema ubao uanikwe kivulini mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Fundi mwenye mtaji mdogo hawezi kufunga fedha zake mwaka mzima kwenye rundo la mbao, na hapo ndipo vishawishi huanza.

Kuna kipimo kisichohitaji mashine. Mteja achukue kipande kimoja cha mbao zitakazotumika, akipime kwenye mizani ya dukani, akiweke ndani ya nyumba wiki moja, akipime tena. Kikiwa chepesi zaidi ya hapo awali, mbao bado zinatoa maji. Na kwa kuwa Bujumbura msimu wa kiangazi ni kuanzia Juni hadi karibu Septemba, kiti kikiagizwa mwishoni mwa kiangazi kina nafasi nzuri zaidi ya kutengenezwa kwa mbao zilizopata jua la kutosha.

Wadudu nao wasisahaulike. Unga mwepesi wa njano chini ya kiti maana yake kuna wanaobungua ndani. Mbao zilizopakwa dawa ya chumvi za boroni kabla ya kuungwa huwaepuka kwa gharama ndogo.

Sponji haidanganyi mizani

Sehemu inayowaliza wateja wengi ni sponji. Kwa macho zote ni sawa, na siku ya kukabidhiwa kila moja ni laini. Tofauti huja baada ya miezi sita, pale kikalio kinapobaki na shimo la umbo la mwenye nyumba.

Ubora wa sponji hupimwa kwa uzito wake katika mita moja ya ujazo. Ya kukalia kila siku inafaa iwe na kilo 30 au zaidi. Ya kuegemea inatosha kati ya 18 na 25. Hesabu hiyo inaweza kufanyika hata kwenye mizani ya muuza nyama. Kipande cha sentimita 50 kwa 50, unene sentimita 10, kikiwa cha kilo 30 kwa mita ya ujazo, kitakuwa na uzito wa gramu 750. Kikisoma gramu 450, hicho ni cha kilo 18, na mahali pake ni mgongoni, si kwenye kikalio.

Kwa kitambaa, hali ya hewa ndiyo mshauri. Mji huu uko kando ya ziwa, una joto na unyevunyevu, na ngozi ya bandia inayong'aa dukani humganda mtu mapajani saa nane mchana. Turubai nzito ya pamba hupumua. Mfuko wa mto uwekewe zipu, uvuliwe na kufuliwa. Wanaopenda rangi huweka kitenge kwenye mto wa mgongoni pekee, ambako hakisuguliwi sana, na kikalio hukipa kitambaa kigumu cha rangi moja.

Vipimo vya mwili navyo viandikwe. Kikalio kiwe sentimita 40 hadi 45 kutoka sakafuni, na kina chake sentimita 50 hadi 55. Mgongo ulale nyuma kidogo. Babu au bibi wa nyumba ajaribiwe kwanza: kiti asichoweza kuinuka bila kushikwa mkono hakitakuwa cha fahari kwake.

Arbuni na daftari

Baada ya mbao na sponji, kuna maelewano. Magomvi mengi kati ya wateja na mafundi, Bujumbura kama Kigali au Kampala, huzaliwa na arbuni, au avansi kama wanavyoiita hapa. Mteja hutoa nusu ya fedha, fundi huzitumia kumalizia kazi ya mteja aliyetangulia, na kiti kipya kinasubiri arbuni ya mteja mwingine. Umeme nao ukikatika, mashine za kupasulia na kulainishia mbao husimama, na siku zinazidi kusogea. Mteja anaona ameibiwa. Fundi anaona anaonewa, maana bei ya vanishi imepanda tangu walipopatana.

Njia iliyo salama kwa wote wawili ni kugawa malipo kwa hatua. Arbuni ya kwanza iwe ya mbao, na mbao zinunuliwe siku hiyo hiyo, ikiwezekana mteja akiwepo. Ya pili itolewe fremu ikiwa tupu, kabla haijavishwa chochote. Ya mwisho itolewe kiti kikiwa kimekamilika. Kwa vitu vya dola, yaani kitambaa na sponji, mteja anaweza kuvinunua mwenyewe na kumletea fundi. Hapo kupanda kwa bei hakumgusi fundi, na hakuna wa kumshuku mwenzake.

Hatua ya fremu tupu ndiyo mahakama ya kiti. Hapo mteja akipindue, aangalie kama pembe nne za kikalio zina vipande vya mbao vya kuzishikilia, kama viungo ni vya ulimi na tundu au ni misumari tu. Akisukume kwa mshazari, akae kwenye mkono wake. Kikilia sasa, kitalia maisha yake yote. Kitambaa kikishafunika, hakuna anayejua kilichomo mpaka siku ya aibu.

Haya yote yaandikwe kwenye daftari, hata kama ni ukurasa mmoja: aina ya mbao, vipimo, uzito wa sponji, tarehe. Buyenzi ni mtaa wa Kiswahili tangu enzi za Wabelgiji, watu wa Kigoma, Uvira na bara wameishi humo vizazi kwa vizazi, na neno la mtu lina uzito. Lakini daftari halimvunjii mtu heshima. Linaokoa udugu.

Cha zamani, cha mianzi, cha jirani

Si lazima kiti kitengenezwe upya. Wafanyakazi wa balozi na mashirika ya kimataifa wanapomaliza mikataba yao huuza samani zao kabla ya kuondoka, na nyumba za zamani za Rohero na Kiriri bado zina fotei nzito za mbao zilizokaa miongo mingi. Kiti cha namna hiyo, kitambaa kikiwa kimechanika na sponji imekufa, huuzwa kwa bei ya kuni. Kama fremu yake haitikisiki, tayari kina mbao zilizokauka kwa miaka 30, jambo ambalo hakuna karakana inayoweza kumuuzia mtu. Kinachobaki ni mikanda mipya, sponji na mita mbili tatu za kitambaa.

Wanaokaa karibu na ziwa wana sababu nyingine ya kufikiria. Katika miaka ya karibuni maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda na kuingia majumbani Gatumba na katika mitaa ya ufukweni. Kiti kizito kilichojaa sponji kikilowa usiku mmoja kimekwisha. Kiti cha mianzi au cha kusukwa, chenye mito inayotoka, mtu mmoja anakibeba kichwani. Na kikisukwa na fundi anayejua mgongo mrefu wa duara, hakuna mgeni atakayeuliza kwa nini si cha ngozi.

Halafu kuna jirani. Keko ya Dar es Salaam, Gakinjiro ya Kigali, Nsambya ya Kampala na maseremala wa kando ya barabara ya Ngong jijini Nairobi wamejijengea jina. Samani iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya na kutimiza masharti ya uasili wa bidhaa haitozwi ushuru wa forodha inapovuka mpaka wa ndani. Kwa mizigo midogo isiyozidi thamani ya dola 2,000 kuna utaratibu uliorahisishwa wa cheti cha uasili, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha zilizokubaliwa. Kodi ya ongezeko la thamani inabaki, na nauli ya lori inabaki.

Lakini mpaka ni mpaka. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya barabara na Rwanda, na tangu hapo kiti cha Gakinjiro kimekuwa mbali zaidi kuliko ramani inavyosema. Njia ya Tanzania imebaki wazi, kupitia Kobero au kwa meli kutoka Kigoma. Kwa fundi wa Buyenzi hali hiyo ni kinga na ni hasara pia: mshindani hafiki, lakini naye hapeleki kiti chake kwa jirani.

Kinachobaki sebuleni

Wapo watakaosema kiti ni kiti, na nchi yenye foleni za mafuta haina sababu ya kuzungumzia fotei. Hoja hiyo inasahau nani anakula kwa kiti hicho. Nyuma ya kila fotei ya Bujumbura kuna mpasuaji mbao wa kilimani, mbeba mizigo, seremala na mwanafunzi wake anayejifunza kwa kushika msasa, na mshona mito. Dola zikitumika kuagiza kiti ng'ambo, hakuna hata mmoja kati yao anayeziona. Faranga zikikaa mtaani, zinapita mikono yote hiyo.

Msemo wa wahenga kwamba rahisi huwa ghali unabaki kuwa kweli kwa anayenunua picha: kiti cha kuigwa kwa sponji nyepesi na mbao mbichi kitamgharimu mara mbili. Lakini anayenunua fremu iliyokauka, sponji iliyopimwa na kazi ya mkono iliyolipwa kwa hatua, amepata kitu ambacho duka la dola haliwezi kumpa. Siku mguu wa kiti utakapolegea, aliyekitengeneza yupo mtaa wa pili, na atakuja na gundi na nyundo yake.

Mgeni atakapoingia na kukiona peke yake karibu na dirisha, atauliza kimetoka nchi gani. Mwenye nyumba atamwonyesha kwa mkono upande wa Buyenzi.